Nitakuja au Sitakuja: Kukadiria kwa Kompyuta Iwapo Usemi Utaeleweka Ukumbini

Mabibi na mabwana, tuanze na maneno mawili: nitakuja na sitakuja. Tofauti yao yote imo katika konsonanti ya kwanza. Mtu akitamka "sitakuja" ndani ya ukumbi wenye kuta za zege, sakafu ya vigae na paa la mabati, neno lililotangulia huwa bado linavuma hewani, na ile s, ambayo ni dhaifu na nguvu yake iko katika masafa ya juu, yaani mitetemo ya haraka, hufunikwa. Aliyeketi nyuma anaisikia sauti vizuri, ila hajui kama mgeni anakuja au haji. Kuongeza sauti ya spika hakumsaidii, kwa sababu mvumo nao huongezeka kwa kiasi kilekile.

Watafiti wawili wa Uholanzi, Houtgast na Steeneken, walilishughulikia jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 1970. Usemi hupanda na kushuka nguvu silabi baada ya silabi. Mvumo na kelele huyafukia mabonde yaliyo kati ya silabi hizo. Kipimo chao hukagua kina cha mabonde hayo katika kanda 7 za masafa, kuanzia hezi 125 hadi 8,000, kisha hutoa namba moja kati ya 0 na 1. Chini ya 0.30 usemi hauambuliki; kati ya 0.60 na 0.75 ni mzuri.

Programu kama ODEON, iliyoanzia Denmark mwaka 1984, hukadiria namba hiyo kabla hata msingi haujachimbwa. Unaipa umbo la ukumbi na kiwango ambacho kila uso hunyonya sauti, nayo hurusha maelfu ya miale ya sauti kutoka alipo msemaji na kuifuatilia inavyodunda mpaka imfikie msikilizaji.

Chukueni ukumbi wa mita 20 kwa 15, wenye kimo cha mita 10, ambao nyuso zake hunyonya asilimia 5 tu ya sauti. Kwa kanuni ya Sabine, inayokokotoa muda wa mvumo kutokana na ujazo wa ukumbi na unyonyaji wa nyuso zake, mvumo wake hudumu zaidi ya sekunde 7 ukiwa mtupu. Wakiingia watu 400, na kila mmoja akanyonya kama nusu mita ya mraba ya uso unaomeza sauti yote, mvumo hushuka chini ya sekunde 2. Hapo, kwa usemi unaopanda na kushuka mara mbili kwa sekunde, nusu ya kina cha mabonde husalimika. Sasa mvua ianze kupiga mabati, kelele yake ilingane na sauti ya msemaji: ile nusu inakatwa tena, inabaki robo.

Hapa ndipo ninapoumia ninaposoma ripoti nyingi. Miale imehesabiwa kwa uangalifu mkubwa, michoro ina rangi za kupendeza, lakini kwenye nafasi ya kelele mhandisi ameacha sifuri, kana kwamba hakuna feni, hakuna barabara, wala hakuna masika. Namba inayopatikana hivyo ni ya ukumbi ambao hakuna mtu atakayeketi ndani yake. Kwa hiyo, mkiletewa ripoti, muulizeni mhandisi, kabla ya kutazama rangi, kelele aliyoiweka ni desibeli ngapi katika kila kanda, aliipima wapi, na kama mvua ilikuwa inanyesha.