Mwanga Unaopotezwa Njia na Mwili: Mhadhara Uliotolewa Kisumu

Waheshimiwa wahadhiri, wauguzi na wanafunzi mliofika hapa Kisumu jioni ya leo, nawashukuru kwa kuitikia mwaliko. Naomba kila mmoja awashe tochi ya simu yake na kuiziba kwa ncha ya kidole. Kidole kitang'aa chekundu, lakini hakuna atakayeuona mfupa wake. Wekundu huo unatokana na himoglobini ya damu, ambayo hufyonza sana mwanga wa buluu na wa kijani. Picha ya mfupa inakosekana kwa sababu nyingine, na hiyo ndiyo mada yetu.

Ndani ya tishu, maji, mafuta na protini vimesongamana, na kila kimoja hupinda mwanga kwa kiwango chake: maji ni takriban 1.33, na mafuta yamepita 1.4. Fotoni, yaani chembe ya mwanga, inayovuka mipaka hiyo hugeuzwa mwelekeo, kwa wastani mara moja katika kila sehemu ya kumi ya milimita, hata ikifika kina cha milimita moja hivi haioneshi tena ilielekezwa wapi. Hata hivyo, kutawanyika si kufyonzwa. Fotoni ingalipo, na ndiyo maana kazi ya kuona ndani ya mwili kwa mwanga ina matumaini.

Mwaka 1990, Denk, Strickler na Webb wa Chuo Kikuu cha Cornell walitumia jambo lililotabiriwa na Maria Göppert-Mayer mwaka 1931, kwamba molekuli moja inaweza kufyonza fotoni mbili kwa mpigo. Hilo hutokea pale tu mwanga ulipokolea, kisha molekuli hiyo hung'aa, kwa hiyo mng'ao wowote unaorudi, hata ukitawanyika njiani, unajulikana umetoka kwenye nukta ile. Kina cha njia hiyo hukomea karibu na milimita moja.

Mwaka 2007, huko Uholanzi, Vellekoop na Mosk walipitisha leza kwenye rangi nyeupe ya kupaka, wakaurekebisha mwanga wa leza hiyo kipande kwa kipande kabla haujaingia, na upande wa pili ukakusanyika kuwa nukta yenye ukali wa takriban mara 1,000 kuliko bila marekebisho. Nalihesabu jaribio hilo kuwa zuri kuliko yote, kwa kuwa lilithibitisha kwamba mtawanyiko, ukiwa na vurugu kiasi gani, hufuata kanuni. Tatizo ni kwamba rangi iliyokauka imetulia, ilhali damu inatembea, na marekebisho yanaweza kupitwa na wakati ndani ya milisekunde chache.

Mwaka 2024, watafiti wa Stanford walipaka ngozi ya panya hai tartrazini, rangi ya manjano inayotiwa kwenye vyakula. Rangi hiyo ilipoyeyuka katika maji ya tishu, ilipandisha kiwango chao cha kupinda mwanga wa rangi nyekundu hadi kikaribie kile cha mafuta, na utumbo ukaonekana ukisukumana tumboni. Walipoisuuza, ngozi ikarudi kama kawaida. Ngozi ya binadamu ni nene zaidi, kwa hiyo tusikimbilie kujipaka.

Njia ninayoipa uzito kwetu inatokana na alichokigundua Alexander Graham Bell mwaka 1880: kitu kikimulikwa kwa mwanga unaokatwakatwa, hutoa sauti. Leza ikipiga kwa muda mfupi mno, himoglobini hupata joto, hutanuka na kutoa mawimbi ya altrasaundi, ambayo hutawanyika kwenye tishu mara 1,000 hivi pungufu ya mwanga. Hivyo tunapata picha ya mishipa ya damu hata sentimita kadhaa ndani.

Lakini melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi zetu, hufyonza mwanga huo mapema. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionesha kwamba kipimo cha oksijeni cha kidoleni, ambacho nacho hutumia mwanga, kilishindwa kugundua upungufu kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Kwa hiyo kazi ninayowaomba wanafunzi wa fizikia wa huku magharibi ni ya kipimo: kwa idhini ya kamati ya maadili, wapime ni kiasi gani cha mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 700 hadi 900 kinachovuka ngozi, kuanzia maji ya kunde hadi nyeusi kabisa, kabla ya mashine yoyote kusawazishwa kwa ngozi za watu wengine.