Mume, Wazazi na Jaji: Nani Amsemee Mgonjwa?

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu, wauguzi mliokuja moja kwa moja kutoka zamu pale Hospitali ya Bombo, wazee wa Ngamiani na Makorora hapa Tanga, asalaam aleikum, na Bwana Yesu asifiwe. Nimeombwa nizungumzie mamlaka ya majaji juu ya uhai wa mtu. Nitaanzia mbali, Florida, Marekani, kwa sababu huko jambo hili liliwahi kugawa nchi nzima.

Alfajiri ya tarehe 25 Februari 1990, Terri Schiavo, mwanamke wa miaka 26, alianguka nyumbani kwake katika mji wa St. Petersburg. Moyo ulisimama. Uliporudi kupiga, ubongo ulikuwa umekosa hewa kwa muda mrefu mno. Hakufa. Alipumua mwenyewe bila mashine, alifumbua macho, alilala na kuamka, lakini chakula na maji vilimfikia kwa mrija ulioingizwa tumboni. Naomba tulishike hilo la mrija. Masheikh waliopo hapa wanaujua uamuzi wa Baraza la Kimataifa la Fiqhi, yaani la wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, uliotolewa Amman mwaka 1986, kwamba mashine inaweza kuondolewa pale ubongo wote umekufa na madaktari mabingwa wamethibitisha hivyo. Terri hakuwa katika hali hiyo. Na kwa Wakatoliki, Papa Yohane Paulo wa Pili alisema mwaka 2004 kwamba chakula na maji kwa mgonjwa wa namna hii, hata vikipita kwenye mrija, ni wajibu kwa kanuni. Kwa hiyo asiwepo mtu hapa wa kuniambia jambo hili ni jepesi.

Mwaka 1998 mumewe aliiomba mahakama iamue kama mrija uendelee au utolewe. Alisema mkewe asingetaka kuishi hivyo. Wazazi wa Terri wakakataa: binti yetu anatutazama, anatabasamu, tupeni tumtunze wenyewe. Walikuwa pia na shaka na mkwe wao. Kulikuwa na fidia iliyopatikana mahakamani kwa uzembe wa matibabu, na kwa miaka kadhaa mume alikuwa akiishi na mwanamke mwingine aliyemzalia watoto. Nasikia mnaguna. Hata mimi niliposoma habari hizi mara ya kwanza, moyo wangu ulikuwa upande wa mama mzazi, na hadi leo sijaweza kuutoa wote huko.

Lakini tazameni alichoulizwa Jaji George Greer. Hakuulizwa kama maisha ya Terri yana thamani. Hakuulizwa mume ni mtu mwema au la. Sheria ya Florida ilimtaka atafute jambo moja: mgonjwa mwenyewe, angeweza kusema, angesema nini? Na ushahidi uwe wazi na wa kuridhisha, si wa kubahatisha. Hapakuwa na karatasi. Yalikuwepo maneno ambayo Terri aliwahi kuyasema mbele ya mumewe, shemeji yake na mke wa shemeji mwingine. Februari 2000 jaji akaamua kwamba maneno hayo yanatosha. Mwaka 2002 akasikiliza madaktari watano, wawili wa mume, wawili wa wazazi na mmoja wa mahakama. Watatu wakasema fahamu haipo wala haitarudi; wale wawili wa wazazi wakasema tumaini lipo. Uamuzi wake ulikatiwa rufaa mara kwa mara, na mwishowe ukabaki palepale.

Hapo ndipo wanasiasa walipoingia. Oktoba 2003 mrija ulitolewa. Siku sita baadaye bunge la Florida likatunga sheria ya kumpa Gavana Jeb Bush mamlaka ya kuurudisha, na ukarudishwa. Mahakama ya juu ya jimbo ikaifuta sheria ile mwaka 2004, majaji wote kwa kauli moja. Machi 18, 2005 mrija ukatolewa tena. Jumapili ya Matawi Bunge la taifa likaitwa, likapiga kura usiku wa manane, 203 kwa 58, na Rais George W. Bush, kaka wa gavana yule, ambaye alikuwa ameruka kutoka Texas kwa ajili hiyo, akasaini saa saba na dakika 11 usiku. Sheria ya nchi nzima, kwa ajili ya familia moja: iliwaruhusu wazazi kupeleka shauri kwenye mahakama za taifa, nazo hazikuurudisha mrija.

Watu wengi husimulia kwamba chama kimoja kilikuwa huku na kingine kule. Si kweli kabisa. Wabunge 47 wa Democratic, chama pinzani cha Rais, waliiunga mkono sheria hiyo na 53 waliikataa, yaani chama hicho kiligawanyika karibu nusu kwa nusu. Watetezi wengi wa watu wenye ulemavu, ambao hawakuwa na chama katika ugomvi huu, walisimama na wazazi, na hofu yao ni ya haki: leo mrija wa Terri, kesho nani ataonekana maisha yake hayafai? Naiheshimu sana hofu hiyo. Upande wa pili, Jaji Greer mwenyewe alikuwa wa chama cha Rais, Republican. Alitishiwa maisha, akawekewa walinzi, akaondoka katika kanisa lake. Jaji Stanley Birch wa mahakama ya rufaa, aliyeteuliwa na baba wa Rais, aliandika kwamba Bunge na Rais wamevuka mpaka uliowekwa na waasisi wa Katiba yao. Terri alifariki Machi 31, 2005. Uchunguzi wa maiti ulikuta ubongo wa gramu 615, karibu nusu ya uzito uliotarajiwa.

Mimi nasimama na jaji. Wala si kwa sababu ya zile gramu, maana zilijulikana baada ya kifo. Nasimama naye kwa sababu alisikiliza pande zote mbili mchana, ukumbini, kwa kiapo, akaandika sababu zake mahali ambapo kila mtu angeweza kuzisoma na kuzikatia rufaa. Waliopiga kura usiku ule hawakumwita shahidi hata mmoja.

Kwetu Tanzania, Ibara ya 107A ya Katiba imeipa Mahakama kauli ya mwisho katika utoaji haki, na Ibara ya 14 inalinda haki ya kuishi. Mvutano nao tunaujua. Mwaka 1994 Jaji Lugakingira aliruhusu mgombea binafsi, yaani asiye na chama, katika kesi ya Mchungaji Mtikila, na Serikali ikapeleka Bungeni mabadiliko ya Katiba, mlango ukafungwa. Mwaka huohuo Jaji Mwalusanya alisema adhabu ya kifo inapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikatengua mwaka uliofuata.

Ila hapa Tanga kesi kama ya Terri ingekufa kabla ya kufika kwa jaji. Wauguzi mnajua. Ndugu wanakaa kikao kwenye benchi nje ya wodi, pesa imekwisha, mzee mmoja anasema tumrudishe nyumbani, na gari linatafutwa. Hakuna aliyemuuliza mgonjwa alipokuwa bado anaweza kujibu. Akiwa mwanamke aliyeolewa, ugomvi ni mzito zaidi: mume anasema ni mke wangu, mama anasema mwanangu hakuacha kuwa wa kwetu siku ya nikaha. Na wote wawili wanasema kweli.

Kwa hiyo nataka tujadili hili. Kesho mume akiomba mrija utolewe, wakwe wakapinga, shauri likafika Mahakama Kuu hapa Tanga, jaji atashika ushahidi gani? Kanuni ya Adhabu inamwadhibu anayemsaidia mtu kujiua; daktari anayeacha kulisha kwa mrija, je, yuko ndani ya kosa hilo au nje yake? Mimi naona yuko nje, iwapo mgonjwa alisema mapema, mbele ya watu wa pande zote mbili, na ikaandikwa. Mawakili wenzangu wawili hapa mbele wanatikisa vichwa. Lakini naomba kwanza tuwasikie wauguzi, kisha masheikh na mapadre, halafu ndipo sisi wa sheria tubishane.