Msongamano wa Chaji, Kutoka Milimita ya Ujazo Hadi Kilomita ya Ujazo

Shikamooni walimu wangu mliopo, na wanafunzi wa mwaka wa pili, habari za mchana. Leo nitazungumzia jambo ambalo vitabu vingi hulimaliza kwa jedwali la nusu ukurasa, na mimi naona halistahili kumalizwa hivyo: kubadilisha vizio vya msongamano wa chaji katika ujazo, yaani kiasi cha chaji ya umeme kilichomo katika kila kipande cha ujazo. Ni ile herufi ρ iliyomo kwenye sheria ya Gauss, inayounganisha chaji na uga wa umeme (nguvu ya umeme kwa kila kulombi) unaotokana nayo. Kizio chake cha kimataifa ni kulombi, kizio cha chaji, kwa mita ya ujazo, C/m³.

Chukueni sanduku lenye upande wa mita moja, mlipange vijisanduku vya upande wa sentimita moja. Vinaingia 100 kwa urefu, 100 kwa upana na 100 kwa kimo. Jumla ni 1,000,000. Kila kijisanduku kikiwa na kulombi moja, sanduku zima lina kulombi milioni moja. Basi 1 C/cm³ ni 10⁶ C/m³, na kwa hesabu hiyohiyo 1 C/mm³ ni 10⁹ C/m³. Kwenye karatasi za mitihani nakutana na makosa mawili hapa. Wapo wanaozidisha kwa 100 peke yake, wakasahau kwamba urefu umepandishwa kipeo cha tatu. Wapo pia wanaogawanya badala ya kuzidisha, kwa kuwa sentimita ni ndogo kuliko mita na wanaona namba nayo lazima ipungue. Ujazo uko chini ya mstari, ndugu zangu. Chombo cha kupimia kikiwa kidogo na bado kimebeba kulombi nzima, maana yake chaji imesongamana sana.

Sasa tuone kosa la kuzidisha kwa 100 linagharimu nini. Wahandisi wa nusu-vipitishi, yaani vitu kama silikoni vinavyopitisha umeme kwa kiasi tu, wana mazoea ya kuhesabu kwa sentimita. Watakuambia silikoni hii imetiwa atomi 10¹⁶ za fosforasi katika kila sentimita ya ujazo. Ndani ya diodi, kile kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kwenye ukanda ulioachwa bila elektroni huru, kila atomi ya namna hiyo inabaki na chaji chanya moja. Tangu tarehe 20 Mei 2019 thamani ya chaji hiyo imewekwa kuwa 1.602176634 × 10⁻¹⁹ C kamili. Tukizidisha tunapata 0.0016 C/cm³, yaani takribani 1,600 C/m³.

Tuendelee. Tuseme ukanda huo una upana wa mikromita 0.3, na pemitiviti ya silikoni (kipimo cha jinsi kitu kinavyoudhoofisha uga wa umeme) ni mara 11.7 ya ile ya ombwe, yaani nafasi tupu, sawa na 1.04 × 10⁻¹⁰ F/m (faradi kwa mita). Sheria ya Gauss inatupa uga wa juu kabisa, ρ mara upana gawanya kwa pemitiviti: karibu volti milioni 4.6 kwa mita. Zidisha kwa nusu ya upana, upate tofauti ya volti. Ni 0.7. Fundi yeyote wa redio anaifahamu namba ya jirani na hiyo, maana akiweka multimita kwenye diodi nzima ya silikoni husoma 0.6 hivi au 0.7. Vitu viwili hivyo si kimoja, ila ni vya ukoo mmoja. Mwanafunzi aliyezidisha kwa 100 badala ya milioni angepata volti 0.00007, na diodi yake isingezuia chochote. Ndiyo sababu nasisitiza: fuata jibu mpaka lifike kwenye kitu kinachopimika.

Kizio kizuri hurahisisha fikra pia. Shaba ina elektroni huru zipatazo 8.5 × 10²⁸ katika mita ya ujazo, sawa na msongamano wa 1.36 × 10¹⁰ C/m³ wa chaji hasi. Namba hiyo haisemi kitu kwa mtu wa kawaida. Igawe kwa 10⁹, utapata 13.6 C/mm³. Nyaya za dukani huuzwa kwa milimita mraba, kwa hiyo sasa tunazungumza lugha ya duka. Pitisha ampea moja ya betri kwenye waya wa milimita mraba moja: 1 gawanya kwa 13.6 ni milimita 0.07 kwa sekunde. Huo ndio mwendo wa wastani wa elektroni zenyewe. Ili zisogee mita moja zinahitaji karibu saa nne, na bado taa inawaka papo hapo, kwa kuwa kinachokimbia ni uga, si elektroni. Mimi hesabu hii hunifurahisha kila ninapoifundisha.

Upande wa pili wa mizani kuna wingu la radi. Kilomita ya ujazo ina mita za ujazo 10⁹, na nano ni 10⁻⁹. Basi nanokulombi moja kwa mita ya ujazo ni kulombi moja kwa kilomita ya ujazo, bila kubadilisha tarakimu hata moja. Kulombi 20 zikienea sawasawa ndani ya tufe lenye nusu kipenyo cha kilomita moja, ambalo ujazo wake ni 4.19 km³, msongamano ni 4.8 nC/m³.

Inchi nitaipitia haraka. Inchi moja ni sentimita 2.54 kamili, hivyo 1 C/in³ ni takribani 61,024 C/m³.

Kinachohitaji uangalifu zaidi ni mfumo wa Gauss, mfumo mwingine wa vizio unaotumia sentimita. Statikulombi moja, kizio chake cha chaji, kwa sentimita ya ujazo hulingana na 3.336 × 10⁻⁴ C/m³, lakini ukiishia kwenye kubadilisha namba utapotea, kwa sababu mlinganyo wenyewe hubadilika. Katika SI, yaani mfumo wa kimataifa, katika ombwe, mtawanyiko wa uga wa umeme E (kiasi unavyochomoza kutoka kila nukta) ni ρ/ε₀, ambapo ε₀ ni pemitiviti ya ombwe. Kwa Gauss ni 4πρ, na ε₀ haipo kabisa. Makala za zamani za fizikia ya plazma zimejaa 4π hizo.

Kwa kipindi kijacho, rudieni hesabu ya diodi kwa mfumo wa Gauss mwanzo hadi mwisho. Silikoni itabaki na ile 11.7, na stativolti moja, kizio cha volti katika mfumo huo, ni volti 299.8. Mkimaliza mnatakiwa kupata stativolti 0.0023. Asiyezipata aje na daftari lake, tutatafuta pamoja 4π imepotelea wapi.