Njegere za Ndoo: Majani Tele, Maua Hakuna

Shikamooni wazee wangu, na wenzangu habari za asubuhi. Tangu nifike hapa Arusha swali ni lile lile: njegere nimezipanda kwenye ndoo, zimetambaa mpaka dirishani, mbona hazitoi maua?

Nami huuliza: umezipa nini? Mara nyingi naambiwa urea, au samadi ya kuku nusu ndoo. Basi tumeshapata ugonjwa. Naitrojeni, chakula cha kukuza majani kilichojaa kwenye mbolea hizo, ikizidi, njegere hunenepa majani na kuchelewesha maua. Mwaka wangu wa kwanza nilizilisha hivyo hivyo. Zilinifika kifuani, sikuchuma hata ganda moja.

Njegere hujitafutia chakula hicho. Sogeeni muuone mche huu, nimeung'oa alfajiri. Vinundu hivi kwenye mizizi, vidogo kama ulezi, ni nyumba za bakteria. Nakipasua kimoja kwa ukucha: ndani ni chekundu kama nyama mbichi. Wekundu huo unaonyesha wako kazini, wanavuta naitrojeni ya hewani na kuupa mmea. Ukimwaga urea, mmea hauwahitaji tena, na vinundu huwa haba.

Kwa hiyo ndoo ya lita 20 itoboe chini, jaza udongo uliochanganywa na mboji iliyoiva, na konzi moja ya majivu. Yatosha. Fukia mbegu sentimita 3, achanisha sentimita 5, na simika fito mapema ili vikono vipate pa kushika. Ndoo ikae panapopata jua walau saa 6 kwa siku. Barazani kwenye kivuli utavuna majani tu.

La pili ni joto. Njegere hustawi kwenye nyuzi 13 hadi 18. Joto likipita 27 hivi, maua hupukutika. Pandeni mwishoni mwa Aprili au Mei, maua yakutane na baridi ya Juni na Julai. Ndoo nyeusi izungushieni gunia, maana jua huchemsha mizizi. Mdogo wangu wa Dar es Salaam nimemwambia wazi apande kunde.

Mbegu nazo ziangalieni. Zipo aina za Ulaya zinazongoja siku ndefu za kiangazi cha huko, na kwetu mchana hudumu karibu saa 12 tu mwaka mzima. Chukueni aina inayowahi.

Mama mmoja aliniuliza kuhusu nyuki, kwa kuwa anaishi ghorofani. Mama, usihofu: ua la njegere hujichavusha kabla halijafunguka. Gregor Mendel, mtawa wa mji wa Brno aliyefanya majaribio ya njegere kuanzia 1856 hadi 1863, baadhi aliziweka kwenye vyungu ndani ya nyumba ya vioo wakati wa maua, mbali na wadudu, na zilizaa.

Maua yakishatoka, msiache udongo ukauke, na chumeni kila siku mbili tatu. Maganda yakiachwa yakomae juu ya mmea, maua mapya hukoma. Haya, leteni ndoo zenu hapa mbele tuzitazame moja moja.