Yule bibi wa Kijapani ndani ya gari la mjomba, na navigesheni ambayo hutakiwi kuilipia

Haya haya haya, asalaam aleikum wapenzi wangu wa Mombasa, mwaniskia vizuri? Niko ndani ya gari hapa Leicester, mvua yapiga kioo, mkiskia ta-ta-ta-ta ndiyo hiyo, si maiki kuharibika. Nina kama dakika ishirini na tano hivi kabla niingie kwa bi mkubwa wangu wa saa tano. Wale wapya, mimi kazi yangu ni kea, nazunguka nyumba kwa nyumba kuwaosha na kuwalisha wazee, kwa hivyo kutwa niko barabarani, na leo ni mambo ya barabara.

Jana usiku mdogo wangu, yule wa Bamburi, kanitumia voisi ya dakika sita, wallahi sita, yuko yadi ataka kununua gari iliyoshuka bandarini juzijuzi, na muuzaji amwambia hii iko juu kwa elfu themanini kuliko ile ya pembeni yake kwa sababu ati ina navigesheni orijino ya Japan, ile skrini ya kukuonyesha njia. Dada nilipe? Nikamjibu hapohapo usitoe hata ndururu, nikalala zangu. Asubuhi naamka, grupu la familia lawaka moto, mjomba asema GPS ya gari ndiyo GPS, simu ni mchezo wa watoto, shemeji asema anunue ile ya kubandika kwenye kioo, mamkubwa katuma dua tu. Nikasema basi, badala ya kuandika mpaka vidole viume nawapigia video.

Tuanze na mjomba, kwa heshima zote mjomba wangu usinune. Desemba nilipokuja kanipokea uwanja wa ndege, natia begi, naingia, awasha gari, na bibi mmoja aanza kusema Kijapani, sauti laini kama anakupa pole. Na mjomba bila hata kugeuka amjibu, "Marhaba mama." Mimi nikacheka mpaka nikajikwaa na mkanda. Kumbe ni kila siku, miaka yote hiyo, mjomba yuajua yule bibi amsalimia, na mkewe nyumbani ashazoea kumwita mke mwenza. Sasa mjomba nakupa siri, hakusalimii. Kule Japan gari zalipia barabara kuu kwa kadi, mfumo waitwa ETC, kuna kijisanduku kidogo kwenye gari unatia kadi, geti lafunguka wapita. Yule bibi akuambia kadi haijatiwa. Basi. Miaka yote hiyo akudai kadi wewe wamwitikia marhaba.

Tukatoka, tukafika pale raundabauti ya Changamwe, mwaijua, lori kushoto lori kulia, tuktuk imejipenyeza katikati kama mwiko kwenye sufuria, nikatazama ile skrini. Kishale chekundu kimesimama katikati ya rangi ya samawati tupu. Hakuna barabara, hakuna mtaa, hakuna jina. Kwa mujibu wa ile navigesheni orijino sisi tulikuwa tunavua samaki. Na mjomba ameilipia ile.

Sababu yenyewe si ngumu. Gari za soko la Japan ramani yake ni ya Japan peke yake, imo kwenye kadi ya SD au kwenye diski ndani ya redio, na ile mashine ilitengenezwa isome ramani hiyo tu, huendi mahali ukatiwa ramani ya Kenya ikakubali. Kule wao waandika namba ya simu ya duka wanapokwenda, au namba maalumu ya ramani, gari lawapeleka mpaka mlangoni, kwao ni kitu kizuri sana. Na hawakuanza jana, Honda walitoa kitu cha kuonyesha njia kwenye gari tangu 1981, bila satelaiti, kilikuwa na jairo ya gesi ndani, kifaa cha kujua gari limekata kona, na ramani zimechapwa kwenye plastiki unaangaza taa nyuma yake. Mwaka 1990 Mazda wakatia GPS, ile ya satelaiti, ndani ya gari. Kwa hivyo gari kutoka huko kuwa na skrini si anasa, ni kama sisi kununua nyumba ina ndoano ya feni.

Tena ngoja, hasara haiishi hapo. Gari nyingi ukitoa ile kadi ya SD, skrini yote yagoma, hata redio, yakuandikia tia kadi sahihi. Ukienda kwa fundi akachomoa betri asubuhi, jioni yakudai neno la siri ambalo analijua mtu wa Osaka. Na hiyo redio yenyewe ya kule yaanzia 76 mpaka 90 na kitu, sisi stesheni zetu zimejaa mpaka 108, kwa hivyo wapata mbili tatu mpaka fundi akutilie ekspanda, kijidude cha kuifanya ishike stesheni za juu. Haya, elfu themanini ya nini?

Sasa mjomba ana haki kidogo, sitamnyima. Hii gari yangu ya hapa ina navigesheni yake ya kiwandani, na kuna siku imeniokoa. Birmingham pale katikati ya mji barabara yaingia chini, ndani ya mahandaki, na ukitoka tu wahitaji kujua wakaa mkono gani. Simu ikiingia chini ya ardhi haioni satelaiti, na GPS yahitaji kuona zisizopungua nne, ziko juu huko kilomita elfu ishirini na mia mbili hivi, saruji haipenyezi. Simu yangu ikaganda, kile kidoti chake cha bluu kimebaki mdomoni mwa handaki. Ile ya gari ikaendelea kutembea kama hakuna kilichotokea kwa sababu imeungwa na magurudumu, yajua yamezunguka mara ngapi, na ina jairo ya kujua umekata kona, basi yahesabu yenyewe gizani. Simu haijui gurudumu. Tena ile ya gari haina joto, haibiwi, haikatwi na mtu akikupigia, na zile gari za umeme ndiyo zaidi, yajua betri imebaki kiasi gani yakupangia utachaji wapi.

Lakini Mombasa una handaki gani? Tuambiane ukweli. Labda Mji wa Kale, zile ndia nyembamba za Kibokoni, kuta ndefu huku na huku, mawimbi ya satelaiti yagonga ukuta ndipo yaje, simu yaniweka ndia ya pili huko wakati mimi nimesimama mlango wa nyanya. Na Mji wa Kale nani aingia na gari akitafuta njia, waegesha nje watembea.

Sasa skizeni hapa maana hapa ndipo penyewe. Mimi nikipewa mteja mpya naandikiwa postikodi. Herufi na namba, basi. Postikodi moja hapa Uingereza kwa wastani ni kama nyumba kumi na tano, kwa hivyo nikiiandika kwenye gari nafika mtaani, natafuta namba ya mlango, nabisha. Mashine ya gari imetengenezwa kwa mtu kama huyo, mtu mwenye anwani. Mimi kule kwetu anwani yangu ni sanduku la posta ambalo funguo ana baba na baba mwenyewe hakumbuki ameiweka wapi. Nikuelekeze kwetu Kisauni? "Shuka stage, ingia ile ya vumbi, ukipita msikiti usikate, kata ya pili, utaona mbuyuni kwa muuza mahamri, uliza kwa mwalimu." Hebu iandike hiyo kwenye skrini ya gari. Hata ile ya gari ghali kabisa, uiandikie "uliza kwa mwalimu".

Simu ilishinda hapo, si kwa uzuri wa ramani. Mtu akutumia lokesheni kwa WhatsApp, wabonyeza, waenda. Yeye hajui jina la mtaa, wewe hujui, satelaiti hazihitaji jina. Desemba nilikwenda arusi ya shoga yangu Mtwapa ndani ndani huko, sijui hata pale paitwaje mpaka leo, nilitumiwa pini nikafika kabla ya kina dada wa lelemama.

Na jambo moja wengi hamlijui naona kwenye komenti kila siku, kuona uko wapi hakuli bando. Satelaiti hazitozi. Kinachokula bando ni kuvuta picha ya ramani na habari za foleni. Kwa hivyo ukiwa na wifi nyumbani fungua Google Maps, pakua eneo lote la Pwani kutoka Malindi mpaka Lungalunga, likae kwenye simu, utaelekezwa ukiendesha hata laini haina senti. Foleni hutaonyeshwa, hiyo ndiyo bei yake. Au chukua Organic Maps, bure, ramani yake ni ile ya OpenStreetMap inayochorwa na watu wa kawaida tangu 2004, kuna vichochoro vya kwetu huko mtu kakaa akavichora kimoja kimoja, Mungu ambariki.

Tena ramani ya simu yajisasisha. Chukua gari iliyotiwa ramani 2016, hata iwe ni ramani ya Kenya, daraja jipya la Makupa hailijui, barabara ya Dongo Kundu, ile ya kwenda kusini bila feri, kwake ni mikoko na kaa. Wewe wataka kwenda Ukunda, yenyewe yakusukuma Likoni tu. Na Likoni hata simu yashindwa nawaambieni, yachora mstari mzuri juu ya maji kama vile feri yakungoja wewe, yakuambia dakika kadhaa uko ng'ambo, hujatoka kwenye foleni muuza korosho ashakujua jina. Siku hizi mimi nikija nazunguka Dongo Kundu hata kama ni mbali, kichwa changu chapumua.

Shemeji na ile yako ya kubandika. Shemeji, ilikuwa na enzi yake. Ya kwanza niliinunua hapa kwenye zile gulio za Jumapili watu wafungua buti za gari wauza vitu vyao, pauni tano, TomTom ya zamani, na ndiyo iliyonifunza huu mji, siwezi kuisema vibaya. Lakini tarehe 6 Aprili 2019 hesabu ya wiki za GPS ikafika mwisho, huwa yahesabu wiki 1,024 kisha yarudi sifuri, na vifaa vya zamani visivyosasishwa vikachanganyikiwa tarehe. Changu kikawa chaniambia nitafika kazini jana. Tena 2009 Google walipotoa maelekezo ya sauti bure kwenye Android ndiyo ilikuwa pigo, nani atalipia kitu ambacho kimo mfukoni tayari? Mimi siku hizi naviona kwa madereva wa malori, kuna vya kwao maalumu waingiza urefu wa lori visiwapitishe chini ya daraja fupi, na kwa watu wa safari za mbugani, vya Garmin na ramani za Tracks4Africa, za njia za porini Afrika, hao wana sababu. Wewe wa Bamburi kwenda Ganjoni huna.

Ila simu nayo msiishike mkononi jamani. Hapa ukikamatwa ni pauni 200 na pointi sita, na kama leseni haijafika miaka miwili yaenda na maji. Huko kwetu hata polisi asipokuona, foleni yasimama, kioo kiko chini, bodaboda yapita, unabaki umeshika hewa. Na jua! Apple wenyewe waandika iPhone itumike kwenye joto la hewa la digrii 0 mpaka 35, sasa dashibodi ya gari iliyoegeshwa Mwembe Tayari saa nane mchana ni digrii ngapi, si wakaanga yai? Simu yagoma kuchaji, skrini yafifia, yajizima na wewe uko katikati ya daraja la Nyali. Kwa hivyo kishikio usinunue cha kunyonya kioo, nunua cha kubana kwenye tundu la AC, upepo baridi uipige simu mgongoni. Huo ujanja kanifunza dereva wa teksi wa pale Buxton ya Mombasa, sikuusoma popote.

Basi wewe mdogo wangu, rudi yadi. Gari ukiipenda ichukue kwa bei ya ile ya pembeni, mwambie muuzaji hiyo skrini ni ya kwake akitaka aing'oe. Kisha ukipata nafasi badilisha redio, tia ile yenye Android Auto, simu yaungana, ramani yako yatokea kwenye skrini kubwa, na pini ukitumiwa waibonyeza kwenye simu kabla hujatoka. Muulize fundi bei kabla hajafungua dashibodi, si baada, wawajua.

Hee, pazia limefunguka, bi mkubwa achungulia kama nshafika na akichungulia mara ya tatu apiga simu ofisini. Mdogo wangu kabla hujatoa pesa nitumie picha ya hiyo skrini ikiwa imewaka, nione mko mtaani ama mwavua. Na mjomba, mwambie yule bibi wa Kijapani namsalimu.