Saa ya Kwanza Baada ya Mbwa Kula Zailitoli

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Mkitaja sumu inayoweza kumuua mbwa nyumbani, wengi watasema dawa ya panya, na hawajakosea. Ila leo nataka tufungue mkoba, kabati la jikoni na rafu ya bafuni, maana humo kuna sumu nyingine ambayo tumeinunua wenyewe kwa ajili ya afya zetu. Inaitwa zailitoli.

Zailitoli ni kitu cha kutia utamu badala ya sukari. Wanakemia waliitengeneza mara ya kwanza mwaka 1891. Utamu wake unakaribia kabisa ule wa sukari, lakini nguvu inayoupa mwili ni pungufu, haipandishi sana sukari ya damu, na bakteria wa mdomoni hawawezi kuitumia kutengeneza ile asidi inayooza meno. Ndiyo maana wenye kisukari wanaipenda na watengenezaji wa chingamu wanaipenda. Kwa binadamu sina neno nayo.

Mwili wa mbwa ndio unaoipokea vingine. Kwetu sisi, kongosho, kile kiungo kinachotoa insulini, halishtuki sana zailitoli inapoingia kwenye damu. Kwa mbwa, kongosho hudanganyika kwamba sukari nyingi imeingia kwa mkupuo, nalo humwaga insulini, tena mara kadhaa zaidi ya ile ambayo lingeitoa kwa kiasi hichohicho cha glukosi, yaani sukari ile ya kwenye damu. Kazi ya insulini ni kuitoa sukari kwenye damu na kuiingiza kwenye seli. Sasa hapa hakuna sukari mpya iliyoliwa, kwa hiyo insulini inaikomba ileile kidogo iliyokuwamo. Ubongo unategemea glukosi hiyo kila dakika. Ikiisha, mbwa analegea, anapepesuka kama mlevi, anatetemeka, anaanguka, anashikwa na degedege.

Hiyo ni hatua ya kwanza. Dozi ikiwa kubwa, ini nalo linashambuliwa, na seli zake hufa kwa wingi ndani ya siku moja hadi tatu. Hapo utaona ufizi na weupe wa macho vimegeuka njano, na damu haigandi inavyotakiwa. Mbwa anaweza kuvuka hatua ya kwanza salama, mwenyewe akashukuru Mungu, kumbe ini linaharibika kimyakimya.

Kiasi gani kinadhuru? Naomba hapa tuende polepole. Sukari ya damu inaweza kushuka kuanzia takribani gramu 0.1 ya zailitoli kwa kila kilo ya uzito wa mbwa. Ini liko hatarini kuanzia takribani gramu 0.5 kwa kilo. Chukueni mbwa wa kilo 10: gramu moja inatosha kumwangusha. Kuna chingamu ambazo kipande kimoja kina chini ya robo gramu, na nyingine kipande kimoja kina gramu nzima. Nani anajua, bila kuangalia, ile iliyo kwenye mkoba wake ni ipi?

Unga wenyewe wa kupikia ndio unaonitisha zaidi. Kijiko kimoja cha chai kinabeba kama gramu 4. Mbwa mdogo wa kilo 5 anafikia kiwango cha kudhuru ini kwa gramu 2.5 tu, yaani kijiko kisichojaa. Na keki? Tuseme umetia gramu 200 ukaikata vipande 10. Kila kipande kina gramu 20. Mbwa mkubwa wa kilo 30, yule tunayemwona jabali, akiiba kipande kimoja mezani, amekwisha kupita gramu 15 za hatari ya ini.

Sasa lile lililonileta hapa. Mara nyingi dalili za kwanza huonekana ndani ya saa moja, pengine hata dakika kumi na kitu, kwa kutapika na kulegea. Lakini chingamu huachia zailitoli taratibu, na kuna mbwa ambao sukari yao hushuka baada ya saa 12. Muda wote huo mkia unatikisika. Mtu anamtazama anasema, "Mbona mzima tu, tusubiri tuone." Msisubiri kuona! Ule muda ambao mbwa anaonekana mzima ndio ambao daktari wa mifugo bado anaweza kumtapisha kwa usalama, kumpima sukari na kumwekea dripu ya glukosi kabla hajaanguka. Dawa mahususi ya kuiondoa sumu hii haipo, na mkaa wa dawa tuliouzoea kwenye sumu nyingine hauinasi vizuri. Kinachomwokoa ni kuwahi, kisha kupimwa sukari kila baada ya saa moja au mbili, na ini kuangaliwa kwa siku tatu hivi.

Ukikuta pakiti imetafunwa, usiitupe. Hesabu vipande vilivyobaki, na usiache kuhesabu eti kwa sababu huoni makaratasi. Mbwa humeza chingamu na karatasi yake. Vile usivyoviona, chukulia amekula. Mpigie daktari ukiwa njiani, umtajie uzito wa mbwa na jina la bidhaa, na ufike na pakiti mkononi. Usimtapishe mwenyewe bila daktari kukuambia, na usimnyweshe chumvi kamwe, chumvi nayo ni sumu. Akiwa amelegea lakini anaweza kumeza, mpake asali kwenye ufizi, kisha safari iendelee. Asali ni ya kumfikisha tu.

Kwenye lebo, tafuteni neno xylitol, na wakati mwingine huandikwa "birch sugar" au namba E967. Viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi, kwa hiyo neno hilo likikaa mwanzoni mwa orodha, hatari ni kubwa. Angalieni pipi zisizo na sukari, dawa ya meno, maji ya kusukutulia, vitamini za kutafuna, dawa za kikohozi za maji. Na siagi ya karanga jamani! Nyingi hazina, ila baadhi zinazouzwa kama hazina sukari zinayo, na siagi hiyo ndiyo tunayofichia kidonge tunapomtibu mbwa. Someni kopo kabla ya kuchota. Meno ya mbwa yana dawa yake ya kupigia mswaki, yetu isitumike.

Kuna dada ameuliza kuhusu stevia na vitamu vingine. Stevia, sukralosi, aspatemu na erithritoli havimwagi insulini ya mbwa namna hii. Akila vingi vinaweza kumharisha. Lakini bidhaa moja huweza kuchanganya vitamu viwili au vitatu, kwa hiyo ukiona neno stevia mbele ya kopo, geuza nyuma usome orodha yote. Na mzee aliyeuliza kuhusu paka: paka hawaonekani kudhurika kama mbwa. Kama nyumbani una wote wawili, pima hatari kwa kumwangalia mbwa.