Watazamaji wa Doctor Who: Isome Namba Kabla ya Kuibishania

Ndugu wasikilizaji, tuanze na namba mbili. Jumamosi ya tarehe 11 Mei 2024, BBC One ilirusha sehemu ya Doctor Who, tamthilia ya kubuni ya kisayansi ya BBC, iitwayo "Space Babies". Kesho yake ikatangazwa kwamba ilitazamwa na watu milioni 2.6, na wanaolipenda anguko la mwenzao wakapata la kusema. Siku chache baadaye ikatoka namba ya pili ya sehemu hiyohiyo: milioni 4.01. Hakuna aliyedanganya. Namba zote mbili zilitoka kwenye taasisi moja na jopo moja la watazamaji. Kilichotofautiana ni muda wa kuhesabu.

Hilo ndilo ninalotaka tuondoke nalo leo. Namba ya watazamaji isiyosema ilihesabiwa kwa muda gani, kwa njia gani, na upande wa pili kulikuwa na nini, haifai kulinganishwa na nyingine yoyote. Doctor Who ni mfano mzuri kwa sababu ilianza 1963, ikapumzishwa 1989, ikarudi 2005, na katika safari hiyo imepimwa kwa karibu kila njia iliyowahi kutumika Uingereza.

Kwanza, namba yenyewe inapatikanaje. Tangu 1981 kazi hii Uingereza inasimamiwa na BARB, bodi ya pamoja ya vituo vya utangazaji. Kwa miaka mingi jopo lake lilikuwa na kaya zipatazo 5,300, yaani watu kama 12,000, kisha ukawekwa mpango wa kulipanua hadi kaya 7,000. Kila runinga ya kaya hizo ina mita inayotambua kinachochezwa kwa kusikiliza sauti yake. Lakini mita haijui nani amekaa sebuleni. Kwa hiyo kuna rimoti ya pekee ambayo kila mwanakaya ana kitufe chake: ukiingia unabonyeza, ukitoka unabonyeza tena. Mgeni naye ana kitufe, na huulizwa umri na jinsia.

Tuchukue kaya moja na sehemu ya dakika 45. Baba ametazama zote 45. Binti ameingia dakika ya kumi ikishapita, kwa hiyo ana 35. Mgeni amefika mwishoni, ana 9. Jumla ni dakika 89. Gawanya kwa 45, unapata watazamaji 1.98. Kaya yenye watu watatu mbele ya runinga imehesabiwa kama watu wawili kasoro kidogo, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu namba inayotangazwa ni wastani wa dakika zote. Kilele ni kitu kingine: ni ile dakika, au zile dakika tano, ambapo watu walikuwa wengi zaidi. Kituo kikikutangazia kilele na mshindani akatangaza wastani, tayari umepotoshwa bila uongo hata mmoja.

Baada ya hapo kila mtu wa jopo hupewa uzito. Ukigawa watu kama milioni 64 kwa 12,000, kila mmoja anawakilisha watu wapatao 5,300, ila uzito hautolewi sawa kwa sawa. Makundi magumu kuwapata, hasa vijana wa kiume, huwa wachache kwenye jopo kuliko mitaani, hivyo kila mmoja wao hubebeshwa zaidi. Kijana wa miaka 20 akisahau kubonyeza kitufe, hasara yake kwenye hesabu ni kubwa kuliko ya bibi wa miaka 70. Kwa tamthilia ya kubuni ya kisayansi, inayowategemea vijana na familia zenye watoto, hilo si jambo dogo.

Sasa kosa la sampuli, yaani shaka inayotokana na kuhesabu wachache badala ya wote, ambalo magazeti hayaligusi kabisa. Chukua kipindi kilichotazamwa na milioni 2.5, karibu asilimia 4 ya watu. Kwa sampuli ya 12,000, hesabu ya kawaida inatoa kosa la kama 225,000 juu au chini, ukitaka uhakika wa asilimia 95. Na hapo tumejifanya kwamba kila mtu alichaguliwa peke yake. Sivyo, watu wa nyumba moja hutazama pamoja, kwa hiyo taarifa halisi ni pungufu ya vichwa vinavyohesabiwa, na kosa linaweza kusogea kwenye 300,000. Kwa sababu jopo la wiki hii na la wiki iliyopita karibu ni lilelile, kosa la tofauti kati ya wiki mbili linapungua kiasi. Hata hivyo, anayeona milioni 2.6 wiki iliyopita na 2.4 wiki hii kisha akaandika kwamba watazamaji 200,000 wamekimbia, ameandika asichokijua. Subiri wiki nne au tano. Mwelekeo unasomwa kwenye mstari mrefu.

Tuje kwenye muda wa kuhesabu, maana vurugu nyingi ziko hapa. Namba ya usiku hutoka asubuhi inayofuata. Inajumlisha waliotazama kipindi kikiwa hewani na waliorekodi wakatazama kabla siku haijaisha. Namba ya siku saba inaongeza waliotazama ndani ya wiki. Ipo pia ya siku 28. Tazama pengo kati ya usiku na siku saba lilivyokua.

Sehemu ya "Rose", iliyoirudisha Doctor Who tarehe 26 Machi 2005, ilipata milioni 9.9 usiku na 10.81 baada ya wiki. Ongezeko la asilimia 9. "The Day of the Doctor", ya miaka hamsini, Novemba 2013: milioni 10.2 zikawa 12.8, asilimia 26. "The Woman Who Fell to Earth", Oktoba 2018: 8.2 zikawa 10.96, karibu asilimia 34. "The Star Beast", Novemba 2023: 5.08 zikawa 7.61, nusu nzima. Na "Space Babies" tuliyoanza nayo: 2.6 hadi 4.01, asilimia 54.

Mnaona? Mwaka 2005 namba ya usiku ilikuwa karibu hesabu kamili. Mwaka 2024 inaacha nje zaidi ya theluthi moja ya watazamaji wa wiki. Mtu akiweka 9.9 ya 2005 kando ya 2.6 ya 2024 anapata anguko la asilimia 74. Akiweka 10.81 kando ya 4.01 anapata asilimia 63. Anguko lipo, na ni kubwa, sitaki mtu aondoke hapa akidhani ninalificha. Lakini sehemu ya anguko linalotangazwa imetengenezwa na kipimo chenyewe.

Na "Space Babies" ilikuwa na tatizo lake la pekee. Iliwekwa kwenye iPlayer, huduma ya BBC ya kutazama mtandaoni, saa sita usiku kuamkia Jumamosi, ili iende sambamba na huduma ya kutiririsha ya Disney+ nje ya Uingereza, kisha ikarushwa BBC One jioni. Shabiki sugu, yule ambaye zamani alikuwa wa kwanza kukaa mbele ya runinga, alikwisha kuitazama saa nyingi kabla. Namba ya usiku inapima urushaji wa jioni, kwa hiyo iliwapoteza hasa wale wanaokipenda kipindi zaidi. Ukipanga ratiba hivyo, halafu ukaendelea kuhukumiwa kwa namba ya asubuhi, umejichimbia kaburi mwenyewe. Kwa maoni yangu, kwa tamthilia za aina hii namba ya usiku ingeondolewa kwenye vichwa vya habari; ina maana bado kwa mpira na taarifa ya habari.

Turudi nyuma kidogo, kwa sababu namba za kale hunukuliwa kama vile zimetoka kwenye mita hizihizi. Hapana. Kabla ya 1981 BBC ilikuwa na utafiti wake wa mahojiano: wadadisi wanawauliza watu walitazama nini jana, wakiwakumbusha ratiba. ITV, mshindani wake wa kibiashara, ilikuwa na mita kwenye runinga za kaya. Mmoja alihesabu kumbukumbu za watu, mwingine akahesabu seti zilizowashwa, na matokeo yao yakagongana mara kwa mara. BARB ilizaliwa kumaliza ugomvi huo. Kipimo cha kumbukumbu kina kasoro inayojulikana: mtu hukumbuka kipindi maarufu hata alichokitazama nusu, na husahau kile kidogo alichokitazama chote. Ninyi mnaofanya kazi Kenya na Tanzania, ambako shajara, mahojiano na ujumbe wa simu vimetumika sana, kasoro hii mnaijua.

Kwa hiyo tunaposema sehemu ya kwanza kabisa, ya tarehe 23 Novemba 1963, ilipata milioni 4.4, hiyo ni namba ya mahojiano. Ilirushwa siku moja baada ya Rais Kennedy kuuawa, watu akili zao ziko kwingine. BBC ikairudia wiki iliyofuata, kabla tu ya sehemu ya pili, na marudio yakapata karibu milioni 6. Ndipo wakaja Daleks, maadui wakuu kwenye kipindi: hadithi yao ya kwanza ilianza Desemba na milioni 6.9, ikamalizika Februari 1964 na 10.4.

Namba inayonukuliwa kuliko zote ni milioni 16.1, ya sehemu ya mwisho ya "City of Death", tarehe 20 Oktoba 1979. Huitwa rekodi ya Doctor Who. Ni rekodi, ila iulize upande wa pili kulikuwa na nini. Hakukuwa na kitu. ITV ilikuwa imezimwa na mgomo uliodumu tangu Agosti hadi Oktoba, na nchi ilikuwa na chaneli tatu tu, mbili zikiwa za BBC. Ukiwasha runinga jioni ile, uchague BBC One, BBC Two au giza. Mimi rekodi ya ushindani ningempa "Voyage of the Damned", Krismasi ya 2007: milioni 13.31, chaneli zimejaa angani na ITV iko kazini.

Mwaka mmoja tu baada ya mgomo, 1980, ITV ikaiweka Buck Rogers, tamthilia ya Kimarekani ya anga za juu, saa hizohizo za Jumamosi. Watazamaji wa Doctor Who wakashuka hadi karibu milioni 5, na sehemu moja ya "Full Circle" ikagusa 3.7. Januari 1982 BBC ikakitoa kipindi Jumamosi, ikakirusha jioni mbili za siku za kazi, na wastani wa msimu ukapanda hadi karibu milioni 9. Kilichobadilika ni mwigizaji mkuu, ndiyo, lakini pia saa na mshindani wa upande wa pili. Kufika mwaka 1989 mambo yalikuwa yamegeuka: Jumatano, uso kwa uso na Coronation Street, moja ya tamthilia zinazotazamwa zaidi Uingereza. Sehemu ya kwanza ya "Battlefield" ikapata milioni 3.1. Miezi mitatu baadaye, tarehe 6 Desemba, kipindi kikafika mwisho. Anayetumia 3.1 ile kuthibitisha kwamba watu walikichoka kipindi anapaswa kwanza kueleza nani alikipanga pale.

Ndiyo maana mgao una faida. Mgao ni asilimia ya waliokuwa wakitazama runinga saa ile waliochagua kipindi chako. Jioni ya jua la Juni Waingereza wako bustanini, jioni ya Novemba wamejifungia ndani. Milioni 5 kati ya 15 waliowasha runinga ni mgao wa asilimia 33. Milioni 6 kati ya 24 ni asilimia 25. Namba kubwa hapo ndiyo yenye ushindi mdogo.

Kipo kipimo kingine ambacho hakihesabu vichwa: alama ya kuridhika. Watu wa jopo tofauti hukipa kipindi walichotazama alama, moja hadi kumi, na wastani huzidishwa kwa kumi. Tamthilia nyingi za Uingereza hukaa kwenye 80 na kitu. "Love & Monsters" ya 2006 ilipata 76. "Journey's End" ya Julai 2008 ilipata 91, na wiki hiyo Doctor Who ikawa ya kwanza kati ya vipindi vyote nchini kwa mara ya kwanza, kwa milioni 10.57. Tahadhari moja: alama hutolewa na waliobaki. Kipindi kikipoteza nusu ya watu wake, wanaobaki ni mashabiki, na alama inaweza kupanda huku chumba kikiwa kitupu.

Mwisho, Disney+. Kampuni za kutiririsha hupenda neno "mitazamo". Njia ya Netflix, kwa mfano, ni kuchukua jumla ya saa zilizotazamwa na kuzigawa kwa urefu wa kipindi. Wawili wakitazama nusu nusu, hesabu ni mtazamo mmoja. Familia ya watano mbele ya skrini moja nayo hupata mmoja, maana kinachohesabiwa ni akaunti ikicheza. BARB ingewahesabu watano. Basi mtu akikuletea milioni za Uingereza kutoka BARB, akazijumlisha na mitazamo ya dunia, akakupa namba moja nono, mwambie azitenganishe tena, kisha muulize kila moja ni ya siku ngapi.